Kifaa kimoja, kompyuta mbili, majibu mawili: kidude cha sauti cha USB kinapojieleza vibaya

*"Shikamoo mwalimu. Ninarusha mubashara ibada za kanisa letu. Kamera inaingia kwenye laptopu kupitia kile kidude cha kutoa HDMI kwenda USB, na sauti ya miksa inaingia kupitia kadi ndogo ya sauti ya USB iliyoandikwa '7.1'. Laptopu ya kanisa ina Windows 10, yangu ina Linux Mint. Kidude cha HDMI nikikichomeka kwenye Windows kinasoma mono, 96,000 Hz. Nikikichomeka kwenye Linux kinasoma sterio, 48,000 Hz. Kifaa ni kilekile! Kwenye Windows kinanda, ambacho nimekipeleka upande wa kushoto, kinasikika kwa mbali. Kadi nayo ina mambo yake: sauti inapasuka 'tap' kila baada ya sekunde ishirini hivi, kitelezi cha sauti kikishuka chini ya robo inakuwa kimya kabisa, na ibada ya saa moja na nusu ikifika mwisho, midomo ya waimbaji na sauti haviendi pamoja. Kwenye Linux nimeona pia ujumbe 'cannot get freq at ep 0x81'. Fundi mmoja kasema vyote ni feki, mwingine kasema nitafute draiva kwenye intaneti. Mimi nilidhani kifaa kikikubali bila draiva, basi kimefuata viwango. Nivitupe?"*

Marahaba, mdogo wangu. Usivitupe, na tafadhali usisakinishe draiva yoyote (programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa) kabla hujamaliza kusoma. Umefanya jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi: umechukua kifaa kimoja, ukakichomeka kwenye kompyuta mbili, ukaandika ulichokiona. Jambo hilo moja limenionyesha ugonjwa wa kidude chako cha HDMI kabla sijafika nusu ya barua yako.

Hofu yako naielewa hivi: umetumia fedha za kanisa, vifaa vinafanya kazi nusunusu, na hujui kama umeuziwa takataka, kama laptopu ndiyo mbovu, au kama ni wewe unayekosea. Hukosei. Laptopu zako nazo ni nzima. Kilichopo ni vifaa vinavyojieleza vibaya kwa kompyuta.

Kifaa cha USB kikichomekwa, kompyuta haina namna ya kukifungua na kukikagua. Inakiuliza: wewe ni nani, unafanya nini, unatoa njia ngapi za sauti, sampuli ngapi (vipimo vidogo vya sauti) kwa sekunde, biti ngapi, unatumia umeme kiasi gani? Kifaa kinajibu kwa baiti chache zilizoandikwa na mtengenezaji ndani ya chipu. Kompyuta inayaamini majibu hayo kama yalivyo, halafu inapanga kila kitu kwa kuyafuata. Maswali na namna ya kuyajibu vimewekwa kwenye viwango rasmi vya vifaa vya sauti vya USB: toleo la kwanza ni la mwaka 1998, la pili 2006, la tatu 2016. Kwa sababu lugha ni moja, kompyuta inahitaji draiva moja tu ya jumla kwa vifaa vya watengenezaji wote. Ndiyo maana kadi yako ilikubali mara tu ulipoichomeka.

Sasa hapo ndipo dhana yako inapohitaji kurekebishwa. Kifaa kukubali bila draiva kunaonyesha kwamba kimejibu maswali kwa kiasi cha kuiridhisha Windows. Hakuonyeshi kwamba majibu ni ya kweli. Mtengenezaji wa kifaa cha bei nafuu huchukua chipu pamoja na programu ya mfano iliyokuja nayo, hubadilisha jina, hukichomeka kwenye Windows, na sauti ikitoka anafunga maboksi. USB-IF, jumuiya inayosimamia USB, ina vipimo vya kuthibitisha vifaa, na anayetaka kubandika nembo yake rasmi lazima avipite. Lakini hakuna anayezuiwa kuuza kifaa kisicho na nembo hiyo.

Ongeza jambo hili: kila mfumo wa kompyuta huuliza maswali yake kwa mpangilio wake. Swali ambalo mfumo mmoja haukuliuliza linaweza kulala ndani ya chipu miaka mitano bila mtu kugundua kwamba jibu lake ni bovu, mpaka siku kifaa kinapokutana na mfumo mwingine.

Tuanze na kidude cha HDMI. Kwenye laptopu yako ya Linux fungua dirisha la amri, andika `lsusb`, utafute mstari wenye namba 534d:2109. Sitashangaa ukiukuta. Ndiyo namba ya utambulisho ya chipu ya MS2109, iliyomo ndani ya vidude vingi sana vya bei nafuu vya aina hiyo, vyenye maganda na majina tofauti. Kasoro yake inajulikana wazi. Kwenye maelezo yake inasema inatoa njia moja ya sauti kwa sampuli 96,000 kila sekunde. Kwa kweli inatoa njia mbili, kushoto na kulia, kila moja sampuli 48,000.

Utauliza kompyuta inashindwaje kugundua. Piga hesabu. Kila sampuli ni baiti mbili. Njia moja mara 96,000 mara 2 ni baiti 192,000 kwa sekunde. Njia mbili mara 48,000 mara 2 ni baiti 192,000 kwa sekunde, ileile. Kiasi cha data kinachopita kwenye waya hakitofautiani hata kidogo, kwa hiyo hakuna kengele inayolia.

Umewahi kupita nje ya ua ambamo wanawake wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, wakipokezana? Wewe uliye nje unasikia mdundo mmoja wa haraka na unaweza kudhani ni mtwangaji mmoja mwenye nguvu sana. Data ya sterio inasafiri hivyo hivyo: sampuli ya kushoto, ya kulia, ya kushoto, ya kulia. Anayejua kuwa ni wawili anawatenganisha. Aliyeambiwa ni mmoja anasikia mdundo mmoja wenye kasi maradufu.

Windows imeambiwa ni mmoja. Inapokea 96,000 za mfululizo, kisha programu yako ya kurushia inazipunguza kuwa 48,000, na kuzipunguza ni sawa na kuchanganya kila sampuli ya kushoto na jirani yake ya kulia. Sauti haipandi wala haishuki, mwendo ni uleule, ndiyo maana watu hutumia vidude hivi mwaka mzima bila kujua. Ila kila kilichokuwa upande mmoja tu kinakatwa nusu, yaani desibeli 6 chini. Hicho ndicho kinanda chako. Na kama kuna waya mmoja uliogeuzwa nyaya zake ndani, upande mmoja ukisukuma wakati mwingine unavuta, mchanganyiko huo unaweza kufuta sauti karibu yote.

Kwa nini Linux haikudanganyika? Kwa sababu ilishaambiwa. Wanaoandika draiva ya sauti ya USB ya Linux wanatunza ndani yake orodha ya vifaa vinavyojieleza vibaya, kwa namba ya utambulisho, na kando ya kila kimoja dawa yake. MS2109 iliingizwa katikati ya mwaka 2020: draiva ikiiona namba ile inayapuuza maelezo ya kifaa na kuichukua data kama sterio ya 48,000. Chipu hii ina kasoro nyingine tena: mkondo unapoanza, kushoto na kulia vinaweza kubadilishana nafasi na kupishana kidogo kwa wakati, na hilo nalo limewekewa dawa humohumo. Toleo la Mint la hivi karibuni linakuja na dawa zote mbili.

Hapo naomba nimjibu fundi wa kwanza. Orodha hiyo ya Linux ina vifaa zaidi ya mia moja, na ndani yake kuna kampuni kubwa, zikiwamo zinazouza vifaa vya studio kwa bei ambayo mimi na wewe tungeifikiria mara tatu. Kujieleza vibaya hakukifanyi kifaa kuwa feki. Feki ni kile kinachovaa jina la mwingine. Kifaa chako hakikuvaa jina la mtu. Chipu yake inafanya kazi, mtengenezaji kaandika vibaya baiti chache. Nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeona vifaa vizima vikitupwa jalalani kwa neno hilo moja, "feki", na mwenye navyo akaenda kununua vingine vyenye chipu ileile.

Ukitaka kurekodi ibada kwa Windows na kushoto na kulia kwako kurudi, kuna njia, mradi hakuna programu iliyoigusa data. Kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, upande wa kurekodi, hakikisha kidude kiko kwenye 96,000 na kiwango chake cha sauti ni 100, zima "maboresho" yote, kisha urekodi WAV ya mono, biti 16, 96,000 bila kubadilisha sampuli. Faili hilo lifungue kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwa kuliingiza kama data ghafi: biti 16 zenye alama, njia mbili, 48,000, ukiruka baiti 44 za mwanzo ambazo ni kichwa cha faili. Kwaya itafunguka pande mbili mbele ya masikio yako. Ukikuta kinanda kimehamia kulia, ruka baiti 46 badala ya 44, maana umeanza na sampuli ya upande usio wake. Kwa matangazo ya mubashara njia hii haisaidii. Huko tumia laptopu ya Linux.

Kabla hujahamisha chochote, jiulize kama unaihitaji sterio. Watazamaji wengi wa ibada wanasikiliza kwa spika moja ya simu. Kama miksa yako inaweza kupeleka kila kitu katikati, irudishe pani ya kinanda (kile kirungu cha kupeleka sauti kushoto au kulia) katikati, na laptopu ya Windows itakutosha bila kununua kitu. Hilo linachukua nusu dakika na ni bure.

Twende kwenye kadi. Ule ujumbe wa "cannot get freq" ndio uliokutia hofu zaidi, na ndio mdogo kuliko yote. Linux, baada ya kukiambia kifaa "tumia sampuli 48,000", hurudi na kuuliza "umeweka ngapi?" ili kuhakikisha. Kadi yako inapokea agizo lakini haijui kujibu swali. Draiva ikishindwa kupata jibu mara tatu huacha kuuliza na kuendelea na kazi. Kama ujumbe ni huo tu na sauti inaingia, uache. Kuna vifaa vichache ambavyo swali hilo huvigandisha kabisa, na kwa hivyo draiva ya Linux ina mpangilio uitwao `quirk_flags` wa kuiambia isiulize. Kadi yako haijaganda, kwa hiyo usiuguse.

Kitelezi kinachonyamaza chini ya robo ni kosa la kujieleza pia. Kwenye viwango, kifaa kinatakiwa kutaja kiwango chake cha chini na cha juu cha sauti kwa vipande vya desibeli, kila desibeli ikigawanywa mara 256. Mtengenezaji wako pengine aliandika masafa mapana kuliko yale ambayo chipu inayaweza. Kompyuta inagawa kitelezi sawasawa juu ya masafa hayo ya kwenye karatasi, na robo ya chini inaangukia mahali ambapo chipu haina sauti yoyote. Dawa yake ni kuacha kukitumia: weka kiwango cha kifaa mahali pamoja panapotoa sauti safi, kisha fanya mapandisho na materemsho yote kwenye miksa au ndani ya programu ya kurushia.

Ule mpasuko wa kila sekunde ishirini ndio unaonivutia zaidi. Kila kifaa cha sauti kina saa yake ndani, kipande kidogo cha kristali kinachotetema. Hakuna kristali mbili duniani zinazokwenda sawasawa. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni kati ya kifaa na kompyuta ni jambo la kawaida kabisa. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni sampuli 2.4 za ziada kila sekunde. Zinaonekana si kitu. Lakini zinakusanyika.

Viwango vinajua hilo na vimetoa njia tatu za kuishi nalo. Kifaa kinaweza kufuata mapigo ya kompyuta yenyewe, ambayo kwa kasi ya vifaa kama kadi yako hupigwa kila milisekunde 1. Kinaweza kujirekebisha kulingana na data inavyokuja. Au kinaweza kwenda kwa saa yake, na hapo kwenye kurekodi kinatuma sampuli nyingi au chache kidogo kila inapobidi, na kwenye kucheza sauti kinaiambia kompyuta mara kwa mara "niongezee" au "nipunguzie". Kifaa chochote kinatakiwa kitaje kwenye maelezo yake njia inayotumia.

Ugomvi unaanza pale kifaa kinapotaja njia moja na kuishi kwa nyingine. Chukua kadi inayosema "nafuata mapigo ya kompyuta" huku ndani inakwenda kwa kristali yake. Imeahidi sampuli 48 kila milisekunde, wala haiwezi kutuma 49. Zile 2.4 za ziada inazirundika pembeni. Ikiwa ina nafasi ya ziada ya sampuli 48 tu, nafasi hiyo inajaa baada ya sekunde 20, inamwaga, na wewe unasikia "tap". Sijaishika kadi yako mkononi, lakini sekunde zako ishirini zinaingia kwenye hesabu hii vizuri mno.

Hata vifaa vinavyotumia njia ya tatu hukosea. Ujumbe wa "niongezee, nipunguzie" una mwandiko wake: baiti tatu kwa vifaa vya kasi ya kawaida, baiti nne kwa vya kasi ya juu, na nukta ya desimali haikai mahali pamoja. Wapo watengenezaji wanaotumia mwandiko wa upande mmoja kwenye kifaa cha upande mwingine. Linux imezoea hilo kiasi kwamba ujumbe wa kwanza ukifika, haiuamini. Inausogeza biti kushoto na kulia mpaka ufanane na namba inayoeleweka, ndipo iukubali.

Thibitisha kabla hujanihukumu wala kuihukumu kadi. Rekodi kutoka kwenye kadi peke yake kwa dakika tano, bila kamera, bila OBS (programu ya kurushia mubashara), bila kusikiliza kupitia kifaa kingine. Kisha sikiliza faili ukiwa na saa mkononi. Mpasuko ukiwa ndani ya faili na umbali kati ya mmoja na mwingine ukiwa uleule, ni saa. Ukiwa wa ovyo, mara sekunde tatu, mara dakika moja, tafuta kwingine: waya, laptopu iliyoelemewa, au habu ya USB, kile kigawanyio cha kuongeza matundu. Habu isiyo na umeme wake inaruhusiwa kutoa miliampea 100 tu kwa kila tundu, na baadhi ya vifaa hutaja umeme mdogo kuliko vinaotumia kwa kweli. Chomeka kila kifaa kwenye tundu la laptopu moja kwa moja ndipo ujaribu. Na kama faili ni safi na mpasuko unausikia tu wakati wa kurusha, basi saa mbili zinagongana ndani ya programu, siyo ndani ya kadi.

Wakati huohuo weka kila kitu kwenye 48,000. Ukitumia 44,100, kila milisekunde inahitaji sampuli 44.1, na kwa kuwa hakuna sehemu ya sampuli, kifaa lazima kitume 44 mara tisa na 45 mara ya kumi. Chipu za bei nafuu hujikwaa kwenye ile ya kumi.

Midomo na sauti kuachana mwishoni mwa ibada ni mtoto wa tatizo lilelile. Picha inakuja na saa ya kidude cha HDMI, sauti inakuja na saa ya kadi. Sehemu 50 katika milioni kwa saa moja na nusu ni sekunde 0.27, na jicho linaliona hilo kwa mwimbaji. Watu hujaribu kulitibu kwa kuchelewesha sauti kwenye OBS. Ucheleweshaji huo unafaa kwa pengo lisilobadilika. Pengo lako linakua. Ukiliziba mwanzo litafunguka mwisho, ukiliziba mwisho litakuwa limekosewa mwanzo.

Kuna jambo moja hukuniuliza, nami siwezi kuliacha. Andika `cat /proc/asound/cards` uone kadi yako ina namba gani, kisha `cat /proc/asound/card1/stream0`, ukibadilisha ile 1 iwe namba yake. Utasoma kadi inavyojieleza: njia ngapi, sampuli gani, saa ya aina gani. Upande wa kucheza natarajia utakuta njia 2, wala si nane, maana kwenye kadi ndogo za aina hiyo "7.1" ya kwenye ganda huwa ni ujanja wa programu. Upande wa kurekodi natarajia utakuta njia 1. Tundu la waridi la kadi hizi ni la maikrofoni: ni mono, linatoa volti kidogo za kulisha maiki, na linangoja ishara ya milivolti. Miksa yako inatoa ishara inayoweza kufika volti nzima. Kama sauti za juu za kwaya zinakwaruza, hapo kifaa hakina kosa hata kidogo. Umemnywesha mtoto mchanga kwa ndoo. Teremsha towe la miksa sana, au tumia waya wenye kipunguza ishara.

Sasa draiva. Fundi wa pili hakukutakia mabaya, lakini kwa vifaa hivi ushauri wake hauna faida. Draiva ya kwenye intaneti haibadilishi baiti zilizoandikwa ndani ya chipu, na kurasa zinazogawa "draiva ya USB sound" zinaweza kukuletea virusi. Pamekuwa na wakati ushauri huo ulikuwa sahihi: Windows ilianza kuelewa toleo la pili la viwango vya sauti mwaka 2017 tu, miaka kumi na moja baada ya viwango kutoka, kwa hiyo vifaa vya studio vilihitaji draiva ya kampuni yake. Ukinunua kifaa cha namna hiyo leo, ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi. Ningeitoa kadi kwenye kazi ya ibada kabisa na kuipeleka sauti ya miksa ndani ya kamera, kwenye tundu lake la maiki au la laini (la ishara kubwa kama ya miksa), nikiwa nimepunguza ishara ipasavyo. Kamera itaituma sauti pamoja na picha kwenye waya wa HDMI, zote zikiingia kupitia kidude kimoja. Kuachana kwa midomo kutaisha, na mpasuko utaondoka na kadi. Ningerushia kwa laptopu ya Linux kama nataka sterio, au kwa ile ya Windows huku pani zote zikiwa katikati. Hakikisha tu kamera yako inapitisha sauti kwenye HDMI wakati wa kurekodi, maana si zote zinazofanya hivyo. Picha kwenye vidude hivi huchelewa kidogo kuliko sauti. Pengo hilo halikui, kwa hiyo hapo ule ucheleweshaji wa OBS utafanya kazi yake.

Kama kamera haina tundu la kuingiza sauti, itabidi mnunue. Tafuteni kifaa cha sauti cha USB chenye matundu mawili ya laini, au mkibadilisha miksa chukueni yenye USB ndani yake. Kabla hamjalipa, mwombe muuzaji mkichomeke kwenye laptopu yako ya Linux na usome ile `stream0` papo hapo dukani. Usiangalie rangi ya pini. Vidude vyenye MS2109 huuzwa na pini ya buluu kana kwamba ni USB 3.0, na chipu yenyewe ni ya USB 2.0. Kifaa kipya bado kitakuwa na saa yake tofauti na ya picha, kwa hiyo kwa ibada ndefu angalia midomo katikati ya ibada na mwishoni, siyo mwanzo tu.

Mtafute fundi wa kukutana naye ana kwa ana ukiona mambo haya: kidude kinachochoma mkono au kunuka, mngurumo mzito unaoanza mara tu laptopu inapowekwa kwenye chaja, au kutekenywa na umeme unapogusa chuma cha miksa au maiki. Hilo la mwisho lisingoje Jumapili. Zima, mwite fundi umeme akague waya wa ardhi wa kanisa, na mwimbaji yeyote asishike maiki mpaka amalize. Waya uliogeuzwa nyaya zake nao unahitaji mtu mwenye kipimo mkononi.

Jaribio la kwanza lifanye Jumamosi, kanisa likiwa tupu: cheza kwenye kamera au simu video yenye sauti upande wa kushoto tu, kisha kulia tu, uone inatokea wapi kwenye kila laptopu. Ukimaliza nitumie mistari ya `lsusb`, ile `stream0` ya kadi, na muda kati ya mipasuko kama ulivyoupima kwa saa.